Msiniite Bosi

Ninaomba jambo moja kwa wakazi wenzangu wa Dar es Salaam, na ninaliomba kwa unyenyekevu wa mpangaji ambaye mwenye nyumba anamdai kodi ya miezi sita naye mfukoni ana ya mitatu: msiniite bosi. Niiteni kaka, niiteni mzee, niiteni baba nani, hata "wewe mwenye shati la drafti" nitageuka. Bosi sitaki. Neno hilo linanifilisi.

Sitanii. Mtu akikaa mjini hapa muda wa kutosha anajua kwamba salamu zina bei. "Habari za saa hizi" ni ya bure. "Shikamoo" kutoka kwa kijana usiyemfahamu ina gharama kidogo, tuseme nauli ya kwenda Mbagala. Lakini "bosi wangu!" inayosemwa mkono ukiwa kifuani na kichwa kimeinamishwa upande, hiyo ni ankara. Imeshaandikwa, imeshagongwa mhuri, kilichobaki ni wewe kulipa.

Fundi wangu wa gari ana gereji chini ya mwembe kule Tabata. Nikipita kumsalimia tu, naitwa kaka. Gari likija linaunguruma vibaya lakini linatembea lenyewe, bado ni kaka, ingawa sauti imeshuka. Siku likifika kwa kuvutwa na kamba, nimeshapandishwa cheo hata kabla sijafungua mlango: "Karibu bosi." Moyo unanidunda. Akiendelea na "bosi, mimi sitakuficha", najua giaboksi imekufa. Na akifika kwenye "bosi wangu, hii kitu tuifanye mara moja tuachane nayo", natoa simu palepale kumjulisha mke wangu kwamba ada ya mtoto itabidi isubiri kidogo.

Kariakoo nako suruali ileile moja ina bei ya dada, bei ya mwanafunzi na bei ya bosi. Kijana ananipima kiunoni kwa macho, anaishusha kutoka juu kabisa kwa ule mti wenye ndoano, anaikung'uta vumbi, anasema, "Hii imekaa kibosi." Maana yake ni kwamba imeacha nafasi ya kitambi, na bei nayo imenenepa.

Halafu kuna mahali ambapo sijawahi kuitwa bosi hata kwa bahati mbaya: ndani ya daladala. Kule mimi ni "baba sogea nyuma, mbona katikati kweupe". Ni "wewe wa mlangoni". Nikichelewesha nauli, sarafu zinachezeshwa sikioni kwangu bila jina lolote. Nilijiuliza kwa nini mtu yuleyule, shati lilelile, anakuwa bosi kituoni na mzigo akishapanda ngazi mbili. Jibu ni LATRA. Nauli imepangwa na serikali, imebandikwa, na konda hawezi kuiongeza hata akiniita Sultani wa Oman. Bosi huota mahali ambapo bei haijaandikwa. Nenda dirisha la tiketi za kivuko cha Kigamboni uone kama kuna mtu atakuita bosi. Vuka sasa. Ukikanyaga tu ng'ambo, bodaboda wote wamekutambua, na kila mmoja anashangaa umekuwa wapi siku zote hizi, bosi.

Kazini kwetu yupo mtu ambaye kwa haki zote ni bosi. Ana kiti cha kuzunguka, ana kiyoyozi kinachofanya kazi, na ana uwezo wa kuikalia likizo yangu mpaka mvua za masika ziishe. Hakuna anayemwita bosi. Anaitwa mkuu, anaitwa chifu, na wale tunaowajua kwa jina la chawa humwita Mheshimiwa Mkurugenzi hata wakiwa msibani. Neno bosi tunalitumia akiwa hayupo: "Bosi kaingia?" "Bosi kaamkaje leo?" Kwa hiyo mwenye ubosi haitwi bosi usoni, na anayeitwa bosi mchana kutwa hana hata mtu mmoja wa kumtuma maji ya kunywa.

Hasira zilinipeleka kwenye makamusi. Nilitaka nijue nani alituletea balaa hili, nikitarajia kumkuta Mwingereza, kwa sababu mambo mengi yanayonikera ukiyafuata mpaka chanzo chake unamkuta Mwingereza amekaa anakunywa chai. Safari hii Mwingereza naye amenunua mtumba. Neno ni la Kiholanzi: baas. Kwa Waholanzi wa zamani baas alikuwa mwenye karakana, seremala mkuu au mhunzi mkuu, mtu mwenye wanagenzi chini yake na anayeijua kazi kuwashinda. Huko nyuma zaidi njia inaingia kiza. Wapo wanaisimu waliolihusisha na neno la Kijerumani cha kale, basa, lililokuwa na maana ya shangazi, wakakisia kwamba baas naye hapo mwanzo alikuwa mjomba au baba mkubwa. Wengine wamelikataa wazo hilo. Mimi nalikubali bila hata kusoma ushahidi, maana ushahidi ninao mtaani: kijana akiona "bosi" haijanigusa, anahamia "mjomba", na "mjomba" ikikwama anamalizia na "anko". Huenda Wajerumani wa kale nao walikuwa na maegesho ya magari.

Neno lilivuka Atlantiki pamoja na Waholanzi waliopiga kambi kwenye kisiwa cha Manhattan katika miaka ya 1620 na kuuita mji wao New Amsterdam. Mwaka 1664 Waingereza wakatokea na manowari zao, mji ukachukuliwa bila mapigano, ukabadilishwa jina kuwa New York kwa heshima ya mdogo wake mfalme, aliyekuwa Duke wa York. Bendera ilishushwa, watu hawakuhama. Walibaki na mikate yao, na maneno yao. Brooklyn ilipewa jina la kijiji cha Uholanzi, Breukelen. Yule mzee wa Krismasi mwenye ndevu, Santa Claus, ni Sinterklaas wao. Na baas akabaki karakanani na randa yake, akisubiri wakati wake.

Wakati wake ulikuja Marekani ilipojitawala, na hapa ndipo pananiudhi na kunifurahisha kwa pamoja. Mwaka 1776 Wamarekani walimtangazia mfalme wa Uingereza kwamba binadamu wote wameumbwa sawa. Vizuri. Lakini kesho yake asubuhi kibarua alilazimika kwenda kazini kama jana, na kumwita mwenye kazi "master". Neno hilo hilo ndilo mtumwa mweusi aliyekuwa shamba alilotakiwa kumwitia mtu aliyemnunua. Kibarua mweupe akakataa. Si kwamba alikataa utumwa. Utumwa wa wenzake aliuacha uendelee hadi 1865. Alichokataa ni kufananishwa. Akatafuta neno lisilo na mlio wa minyororo, jirani yake Mholanzi akawa nalo, na hapo "boss" akaajiriwa.

Wafanyakazi wa majumbani nao hawakukubali kuitwa watumishi. Walitaka waitwe wasaidizi. Mwingereza mmoja, Frances Trollope, mama yake mwandishi Anthony Trollope, alikwenda kuishi Cincinnati na akarudi na kinyongo kilichojaa kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1832. Moja ya manung'uniko yake ni kwamba huko Marekani kumwita msichana wa kazi mtumishi ilihesabiwa karibu sawa na uhaini. Msichana anakuja kukusaidia, ukimwudhi anaondoka, kwa sababu msaada ni hiari. Wenye wasichana wa kazi hapa mjini, ambao wamewahi kuamka Jumatatu wakakuta begi la dada halipo, watamwelewa mama huyu vizuri kuliko walivyomwelewa Wamarekani wenzake na dada huyo.

Mnung'unikaji ninayempenda zaidi, hata hivyo, ni James Fenimore Cooper, yule aliyeandika The Last of the Mohicans. Mwaka 1838 alitoa kitabu kinachoitwa The American Democrat na ndani yake akawashukia watu wanaoona aibu kusema "master" wakasema "boss". Hoja yake ni fupi: mnajidanganya. Neno mnalolikimbia na neno mnalolikimbilia ni kitu kimoja, moja la Kiingereza na jingine la Kiholanzi. Nilipolisoma hilo nilitamani kumwagizia chai na chapati mbili. Ni mtu wa safu kama hii, alikosa tu kuzaliwa Tabata. Ila tusimwamini sana. Baba yake ndiye aliyeanzisha mji wa Cooperstown na kuupa jina lake mwenyewe. Mtu aliyekulia kwenye mji wenye jina la ukoo wake akilalamika kwamba vibarua siku hizi hawataki kusema bwana, unajua anachokililia si usanifu wa lugha peke yake.

Wala tusiwacheke Wamarekani. Enzi za mkoloni sisi tulikuwa na bwana: Bwana DC, bwana mkubwa, bwana wa shamba la mkonge. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, tukatangaziana kwamba habari ya bwana na mtwana imekwisha, sote ni ndugu. Ndugu waziri, ndugu mwenyekiti wa kijiji, ndugu karani. Hata barua ya kukufukuza kazi ilianza na "Ndugu". Kisha miaka ya tisini ikaja na vyama vingi na biashara huria, mheshimiwa akapanda tena jukwaani akiwa na suti mpya, na ndugu akapotea. Mimi siku hizi namsikia mahali pamoja tu: "Ndugu mteja, salio lako halitoshi." Bwana naye, aliyekuwa akitetemesha watu, amebaki mtu wa kujazia mazungumzo. "Acha bwana." "Si unajua tena bwana." Unaweza kumwambia hata mtoto wa chekechea. Akibahatika anapewa kazi ya kueleweka, bwana shamba au bwana afya, akakague vyoo.

Na tulikuwa na neno letu zuri kabisa la mwajiri: tajiri. Lilitoka kwa Mwarabu likiwa na maana ya mfanyabiashara, na watu wa Pwani wakaona inatosha, anayekulipa mshahara ni tajiri wako. Madereva wa daladala bado wanalo. Jua likizama lazima ipatikane "hesabu ya tajiri", na baada ya hapo ndipo dereva na konda wanaangalia kilichobaki. Nalipenda neno hilo kwa sababu halina haya. Linasema waziwazi kwamba huyu ana pesa, mimi ninamtafutia nyingine. Bosi anakuja na tabasamu, na ndiyo maana simwamini.

Turudi New York, maana neno lililozaliwa ili pasiwe na bwana halikukaa sana likapata bwana wa kutisha. William Tweed alizaliwa mjini humo mwaka 1823 na kwa baba yake alijifunza kutengeneza viti. Kazi njema, ingekuwa heri kwa wote kama angeendelea nayo. Akaingia kwenye siasa kupitia Tammany Hall, jumuiya iliyokishika chama cha Democratic mjini, na kufikia miaka ya 1860 mwishoni hakuwa na haja ya kuwa meya kwa sababu meya alimpata yeye. Watu walimwita Boss Tweed. Katika jengo la mahakama lililokuwa likijengwa nyuma ya ukumbi wa jiji, fundi lipu mmoja aitwaye Andrew Garvey aliandikiwa malipo ya dola 133,187 kwa kazi ya siku mbili. Meza tatu na viti arobaini viliandikwa zaidi ya dola 179,000, na kumbuka mkubwa wa genge ni fundi viti, bei ya kiti anaijua! Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa inarudi kwa wakubwa kwa mlango wa nyuma. Ninaomba fundi wangu wa Tabata asikisome kifungu hiki. Sitaki apate mawazo.

Gazeti la The New York Times lilianza kuanika hesabu hizo mwaka 1871, lakini kilichomwumiza Tweed zaidi ni katuni za Thomas Nast katika Harper's Weekly, kwa sababu wapiga kura wake wengi hawakujua kusoma ila macho walikuwa nayo. Nast alimchora na tumbo kama gunia la pumba. Tweed akafungwa. Mwaka 1875, akiwa ameruhusiwa kwenda nyumbani kuisalimia familia, akatoroka, akafika mpaka Hispania. Mwaka uliofuata Wahispania wakamkamata, na inasemekana walimtambua kwa katuni ya Nast. Alirudishwa, akafia kifungoni New York mwaka 1878. Tangu hapo Wamarekani wakisema bosi wa mji wana maana ya mtu asiye na cheo ambaye wenye vyeo wote wanampigia simu. Nadhani hapa napo hakuna haja ya mifano.

Lipo tawi la ukoo wa neno hili ambalo siwezi kulifanyia mzaha. Waholanzi haohao walitia nanga Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652 chini ya Jan van Riebeeck, nao walishuka na baas wao. Huko neno halikutumika kukwepa ubwana, lilikuwa ubwana wenyewe. Mzee mweusi mwenye wajukuu alitakiwa kumwita baas kijana wa kizungu, na mtoto wa kijana huyo akaitwa kleinbaas, bosi mdogo, angali ananyonya. Waziri Mkuu J. G. Strijdom, aliyetawala Afrika Kusini kuanzia 1954 hadi 1958, aliisema siasa yake hadharani kwa neno moja, baasskap, yaani mzungu awe baas, basi. Kwenye migodi ya dhahabu msimamizi mweusi, baba wa watu, aliitwa "boss boy", bosi ambaye bado ni mvulana. Wanaume wa kusini-magharibi mwa Tanganyika waliokwenda machimboni kwa njia ya Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodi, walilisikia neno hilo huko chini ya ardhi, miaka mingi kabla sisi wa mjini hatujaligeuza la kuombea hela ya soda.

Kiingereza, kwa kuwa hakishibi, kina mabosi wengine, na si wote wenye undugu na huyu. Yupo aliyetoka kwenye Kifaransa cha zamani, mwenye maana ya nundu au uvimbe. Kile kifundo cha chuma katikati ya ngao, kinachozuia mkuki usikufikie mkono, kinaitwa boss. Mapambo ya mawe yaliyochongwa pale mbavu za dari ya kanisa zinapokutana nayo ni boss. Kanisa kuu la Norwich, Uingereza, linayo zaidi ya elfu moja, yamechongwa visa vya Biblia, na ili kuyaona sawasawa inabidi ulale chali. Wafugaji wa Marekani wamezoea kumwita ng'ombe Bossy. Mwenye makengeza, kwa Waingereza wa mtaani, ana macho ya boss. Na ukifika Liverpool ukasikia kijana anasema chakula hiki ni boss, ujue amekisifu, kama sisi tunavyosema ni moto. Kwa hiyo mtu akiniita hivyo kwa Kiingereza inabidi kwanza nimwulize anatoka wapi. Nilimsomea mke wangu orodha yote hiyo jioni tukila. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia chini ya kifua, akasema ya nundu anaikubali.

Cheo changu halisi nimekikuta kwa wakulima wa Marekani. Inasemekana wakati wa kupura ngano, bosi mwenyewe alisimamia nafaka inayoingia kwenye mashine, ndiyo yenye pesa. Msaidizi wake aliwekwa upande wa pili, yanakotoka mabua, awasimamie wanaozoa mabua. Huyo aliitwa "straw boss", bosi wa mabua: ana wa kuwafokea, hana wa kuwaongezea mshahara, na mambo yakiharibika yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Sina la kuongeza. Kitambulisho changu cha kazini kimeandika "Msimamizi Msaidizi" na picha yangu imetoka nimefumba jicho moja.

Yupo bosi mmoja tu ambaye nina ugomvi mdogo naye. Bruce Springsteen, mwanamuziki wa New Jersey, anajulikana dunia nzima kama The Boss, na jina hilo hakulipata kwa gitaa wala kwa sauti. Enzi wanapiga kwenye vilabu vidogo, yeye ndiye aliyekwenda kuchukua malipo kwa mwenye ukumbi usiku, halafu akawagawia wenzake. Wakamwita bosi. Mwenyewe amewahi kusema jina hilo halipendi kwa kuwa mabosi hawapendi, na hapo tuko pamoja. Ugomvi wangu ni kwamba ametoa mfano mbaya. Bosi ni yule anayetokea mlangoni na pesa mkononi ili agawe! Vijana wa maegesho pale Posta hawajasoma maisha ya Springsteen, ila wameifikia maana hiyohiyo kwa akili zao wenyewe, na wanaitekeleza.

Mnawajua. Uwanja uko mtupu kabisa, unaweza kuegesha meli, lakini kijana anachomoka kivulini anakimbia mbele ya gari akipunga kitambaa: "Njoo, njoo, kata yote, rudi, rudi, hapohapo bosi!" Ukitoka huko ulikokwenda, gari lipo palepale, na kuwepo kwake ndiyo kazi aliyokufanyia. Hapo cheo chako kinategemea mkono wako. Ukitoa elfu mbili, "Mungu akuzidishie, bosi wangu." Elfu moja, "Asante kiongozi." Mia tano, "Poa braza." Mia mbili, "Haya mzee." Usipotoa kitu unakuwa "wewe", na unaambiwa kwa sauti watu wote wasikie kwamba tairi lako la nyuma limekwisha.

Wiki iliyopita nikaamua kushuka cheo kwa makusudi. Nilimpa sarafu ya mia mbili, nikafunga kioo nusu, nikasubiri hukumu. Aliitazama sarafu, akanitazama mimi, akaligeuza jicho kwenye gari lote kuanzia taa mpaka kibati cha namba. Mwenzake wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameshaanza kuja na ndoo na kitambaa cha kufutia vioo. Kijana akampigia kelele, "Mwache huyo, ni mwajiriwa tu kama wengine."

Sijasikia maneno ya haki kama hayo tangu niajiriwe. Nilifurahi kiasi kwamba niliteremsha kioo chote nikamwongezea mia tano.

"Asante sana, bosi," akasema, na yule wa ndoo akageuza njia.